Kukaza skafoidi iliyovunjika kwa msaada wa roboti: mwongozo wa timu ya chumba cha upasuaji

Roboti inayozungumziwa hapa haikati wala haitoboi. Ni mkono wa chuma wenye viungo sita unaoshika mrija mwembamba juu ya ngozi, katika mwelekeo uliochorwa kwenye picha ya pande tatu. Anayepitisha waya ndani ya mrija huo ni daktari, kwa drili yake mwenyewe. Mifumo ya namna hii, mfano TiRobot iliyotengenezwa Beijing, ilizoeleka kwanza kwenye uti wa mgongo na nyonga, kisha ikaletwa kwenye kifundo cha mkono, ulipo mfupa mdogo uitwao skafoidi.

Kabla ya hatua yoyote, kila aliye chumbani aelewe jambo moja: kamera ya roboti haiuoni mfupa. Inaona fremu yenye vitufe vinavyoakisi mwanga wa infraredi, basi. Inachukulia kwamba tangu picha ipigwe, mfupa haujasogea hata kidogo kutoka mahali ulipokuwa ukilinganishwa na fremu hiyo. Kwenye uti wa mgongo dhana hii ina msingi, kwa sababu fremu hufungwa kwenye mfupa wenyewe. Skafoidi ni ndogo mno kubeba fremu, hivyo fremu hufungwa kwenye gango lililoshika mkono, huku skafoidi ikiwa katikati ya mifupa mingine saba ya kifundo, kila mmoja ukiweza kusogea. Mkono ukiteleza milimita 2 ndani ya gango, kompyuta itaendelea kuonyesha mstari mzuri kabisa, na waya utapita pasipo. Ndiyo maana sehemu ndefu ya mwongozo huu inahusu kufunga mkono.

Nani anafaa, nani hafai

Skafoidi iko chini ya kidole gumba, kwenye kile kishimo kinachojitokeza ukinyoosha gumba. Huvunjika mtu anapoanguka na kujikinga kwa kiganja. Damu yake huingilia zaidi upande wa mbele, ulio karibu na vidole, kisha hurudi nyuma. Takriban asilimia 70 hadi 80 ya mfupa hulishwa kwa njia hiyo ya kurudi. Mpasuko, yaani mahali mfupa ulipovunjika, ukiwa kiunoni (sehemu nyembamba ya katikati ya mfupa) au kwenye ncha ya nyuma, kipande cha nyuma kinaweza kukatiwa damu, kichelewe kuunga au kife.

Wanaofaa kwa njia hii ni wenye mpasuko wa kiuno usioachana au ulioachana kidogo, mpasuko wa ncha ya nyuma (hata kama haujaachana, kwa sababu ya hiyo damu), na ule uliochelewa kuunga bila mfupa kulika wala kupinda.

Wasiofaa: mpasuko wa kinundu cha mbele, ambao huunga vizuri kwenye hogo (plasta ngumu), na skafoidi iliyokunjika na kutoa nundu. Ipime nundu hiyo kwenye CT (picha ya eksirei ya kompyuta, kipande kwa kipande) ya upande. Pembe kati ya vipande viwili ikizidi digrii 35, shuku nundu. Huyo anahitaji kufunguliwa na kupandikizwa mfupa, na hakuna roboti itakayomnyoosha. Vivyo hivyo kwa mpasuko wa zamani wenye matundu ndani.

Mgonjwa pia ana haki ya kuambiwa wazi kwamba wengi wenye mpasuko wa kiuno ulioachana milimita 2 au chini hupona bila kisu. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2020, wenye wagonjwa 439, ulilinganisha hogo na skrubu kwa watu wazima wa kundi hilo. Baada ya mwaka mmoja maumivu na utendaji wa mkono havikutofautiana kwa kiasi chenye maana. Skrubu humpunguzia mtu wiki za kukaa na hogo, lakini humletea hatari zake za upasuaji. Roboti haibadilishi hesabu hiyo. Inabadilisha tu uhakika wa mahali skrubu inapokaa.

CT ya vipande vyembamba, milimita 1 au chini, ipigwe kabla ya siku ya upasuaji. Eksirei ya kawaida huficha mengi kwenye mfupa huu, na mpasuko mpya mara nyingine hauonekani kabisa mpaka zipite siku 10 hadi 14.

Vifaa vya kuhakikisha vipo

Mashine ya eksirei yenye umbo la herufi C inayoweza kujizungusha yenyewe na kutoa picha ya pande tatu. Mkono wa roboti na kifuniko chake kilichotakaswa. Kamera ya infraredi. Kompyuta ya kupangia. Kipimio chenye vidoti vya chuma ambacho roboti hukishika wakati wa picha. Fremu ya rejea yenye vitufe vipya. Meza ya mkono iwe ya kaboni au plastiki inayopitisha mionzi, isiyo na reli ya chuma pembeni. Reli hiyo husahaulika, halafu picha nzima inajaa mistari myeupe.

Skrubu ni ile isiyo na kichwa, yenye tundu katikati na nyuzi zenye mwachano tofauti katika ncha zake mbili. Wazo hili limekuwapo tangu skrubu ya Herbert iliyochapishwa mwaka 1984: nyuzi za mbele zina mwachano mkubwa kuliko za nyuma, kwa hiyo kila mzunguko husogeza vipande vikaribiane. Kwa mtu mzima, skrubu ya milimita 3.0 kwa waya wa milimita 1.1 hutosha viuno vingi. Kwa ncha ndogo ya nyuma chagua ya 2.4 au karibu na hapo. Vipimo vya waya hutofautiana kati ya seti na seti. Soma kasha, na usichanganye waya wa seti moja na drili ya nyingine, hata kama zinaingiana. Weka urefu wote wa kuanzia milimita 16 hadi 28, ukipanda kwa milimita 1 au 2. Nyaya mwongozo ziwe sita au zaidi, kwa sababu waya uliopinda hautumiki tena.

Hatua ya 1: Usingizi, dawa, na mpangilio wa chumba

Ganzi ya mkono mzima au nusukaputi, vyote vinafaa. Ukichagua ganzi, mpe mgonjwa dawa ya kumtuliza ili asijongeze bega. Antibayotiki (sefazolini gramu 2 kwa mtu mzima asiye na mzio, gramu 3 akifikia kilo 120) iingie ndani ya dakika 60 kabla ya kukata, na iwe imeshaenea kabla mkanda wa kuzuia damu haujajazwa.

Mgonjwa alale chali, mkono kwenye meza ya pembeni. Mashine ya C iingie kutoka kwenye ncha ya meza, roboti ikae upande wa kichwa au wa miguu kulingana na mkono unaotibiwa, na kamera iwekwe mita 1.5 hadi 2 kutoka uwanja, juu kidogo ya mabega ya watu. Funga magurudumu ya vyote, kitanda kikiwemo. Kisha zungusha mashine ya C mzunguko mzima bila kupiga picha, uone kama itagonga chochote. Dakika hizo mbili zina faida.

Mkanda wa kuzuia damu ujazwe sasa, kwa kawaida milimita 250 za zebaki, kabla ya picha ya pande tatu. Ukiujaza baada ya picha, mkono husogea na kunywea, na ramani yako inakuwa ya mkono mwingine. Muda wake usizidi saa 2. Timu iliyozoea humaliza mapema zaidi.

Hatua ya 2: Kurudisha mfupa mahali pake

Roboti haiungi mfupa. Kama vipande vimeachana, vipange kwanza: ingiza nyaya mbili za milimita 1.2 hadi 1.5, moja kila kipande, uzitumie kama mikono ya kuvigeuza, kisha shikilia kwa waya wa muda wa milimita 1.0 uliopita pembeni mwa mfupa, mbali na mstari ambao skrubu itapita. Waya huo wa muda usiutoe hadi skrubu ikaze. Ndio unaozuia kipande cha mbele kuzunguka pamoja na skrubu. Hata kwa mpasuko ambao haujaachana tunapendelea kuuweka.

Hatua ya 3: Kufunga mkono kwenye gango

Hapa ndipo kazi inapoharibika au kutengemaa.

Amua njia kwanza. Mpasuko wa kiuno kwa kawaida hufikiwa kutoka kiganjani, kupitia kinundu cha mbele cha skafoidi. Kunja kifundo kwenda nyuma na ukiegemeze upande wa kidole cha mwisho, ili mfupa wa trapeziumu uondoke njiani. Kitambaa kilichoviringishwa chini ya kifundo husaidia. Mpasuko wa ncha ya nyuma hufikiwa kutoka mgongo wa mkono, kifundo kikiwa kimekunjwa kwenda kiganjani.

Sasa funga. Gango liwe na urefu wa kutoka ncha za vidole hadi katikati ya kigasha, la plastiki ngumu au kaboni, na liwe limefinyangwa kufuata mkao huo hasa. Kamba moja juu ya kigasha haitoshi, kwa sababu kigasha huzunguka ndani yake. Tunafunga sehemu nne: kigasha karibu na kiwiko, kigasha karibu na kifundo, vidole vinne pamoja, na kidole gumba peke yake. Gumba ndilo linalosahauliwa. Likiachwa huru, mtu akiliegemea kidogo tu, trapeziumu husukuma skafoidi. Bandiko lishike ngozi kavu. Dawa ya kusafishia yenye alkoholi ikiwa haijakauka, bandiko litaachia taratibu bila mtu kuona.

Fremu ya rejea ifungwe kwenye gango lenyewe, upande unaotazamana na kamera, si kwenye meza. Halafu fanya jaribio hili: shika kiganja kwa vidole viwili, kisukume kwa upole kila upande huku ukitazama kifundo chini ya eksirei hai. Skafoidi ikisogea na gango limetulia, fungua uanze upya. Usijiambie kwamba inatosha.

Hatua ya 4: Picha na usajili

Roboti ilete kipimio juu ya kifundo, karibu na ngozi bila kuigusa. Hakikisha skafoidi iko katikati ya picha ya mbele na ya ubavu, kwa sababu mchemraba unaopigwa ni mdogo, katika mashine nyingi karibu sentimita 12 kila upande, na vidoti vya kipimio lazima viwe ndani pia. Watu watoke au wasimame nyuma ya ngao ya risasi. Mashine izunguke, kamera ikiona fremu na roboti muda wote.

Kompyuta itatambua vidoti, ioanishe picha na roboti (huo ndio usajili), na kuonyesha kosa lililobaki. Likizidi milimita 1, rudia. Kiuno cha skafoidi kina upana wa takriban milimita 10 tu. Milimita 2 za kosa ukijumlisha na nusu ya unene wa skrubu, unakaribia ukingo. Sababu za kawaida za usajili mbovu ni chache: kitufe chenye damu au maji, taa kubwa ya chumba inayomulika kamera, kifuniko cha plastiki kilichokunjamana mbele ya fremu, au kidoti kilichozibwa na chuma kingine.

Hatua ya 5: Kuchora mstari

Tazama picha katika bapa zote tatu, lakini zigeuze kwanza zifuate mhimili wa skafoidi yenyewe. Mfupa huu umelala kwa takriban digrii 45 ukilinganisha na kigasha, na ukichora kwenye bapa za mwili utadanganyika.

Mstari upite theluthi ya katikati katika kipande cha mbele na cha nyuma pia. Kwa ncha ndogo ya nyuma, katikati ya kile kipande kidogo ndiyo muhimu zaidi. Upande wa pili unaweza kuvumilia mteremko kidogo. Acha angalau milimita 2 za mfupa kila upande wa skrubu iliyochorwa. Urefu wa skrubu ni urefu wa mstari kutoka ukingo hadi ukingo, ukitoa milimita 4, ili kila ncha izame milimita 2 chini ya gegedu. Ukibaki kati ya saizi mbili, chukua fupi. Skrubu ndefu husaga gegedu la radiusi (mfupa wa kigasha upande wa gumba) au la trapeziumu, na hilo mgonjwa hulijua kabla ya daktari.

Hatua ya 6: Waya

Agiza roboti ije kwenye mstari, isimame sentimita kadhaa juu ya ngozi. Weka alama pale mrija unapoelekea, kata ngozi milimita 5, kisha panua nyama kwa koleo butu hadi kwenye mfupa. Usichome tu. Kiganjani kuna tawi la ateri ya radiali karibu. Mgongoni mwa mkono kuna neva ndogo ya ngozi na kano za kunyoosha vidole, hasa ile ndefu ya kidole gumba.

Shusha mrija hadi uguse mfupa, si ngozi. Mrija unaokandamiza ngozi ambayo haijakatwa husukuma mkono mzima, na roboti haina habari. Ukishagusa, usimamishe hapo na upige eksirei mbili, ya mbele na ya ubavu, mrija ukiwa mahali pake. Linganisha na mstari uliochorwa. Ukaguzi huu hauhusiani na namba ya kompyuta. Ndio pekee unaouona mfupa ulivyo sasa hivi.

Waya huteleza pale unapogusa mteremko wa kinundu. Ili usiteleze, zungusha drili kwa kasi kamili waya ukiwa hewani ndani ya mrija, ndipo uuguse mfupa kwa shinikizo dogo sana, uuache ujichimbie kishimo kwa sekunde mbili tatu, kisha endelea. Anayesukuma kwanza na kuzungusha baadaye atauona waya ukipinda kuelekea chini, na mrija hautauzuia, kwa sababu kati ya mdomo wa mrija na mfupa hubaki milimita chache zisizo na kizuizi. Shika drili bila kuegemea mrija. Tulia kila milimita 5, utazame picha.

Waya ukifika ukingo wa mbali, piga picha nne: mbele, ubavu, na mbili za mshazari, mkono ukigeuzwa nusu kila upande. Geuza gango zima na si mkono ndani yake. Na kama ulipitia mgongo wa mkono, usinyooshe kifundo waya ukiwa bado umetokeza, utaupinda au kuuvunja.

Umekosea njia? Usiutoe waya huo. Ukiutoa na kujaribu tena jirani, wa pili hutumbukia kwenye tundu la kwanza. Uache uzibe tundu, pitisha mwingine kando yake kwa mstari mpya, halafu ndipo uondoe wa kwanza. Kama eksirei inaonyesha tofauti kati ya mstari na mfupa kwa kiasi kinachoonekana kwa macho, tatizo si waya. Mkono umesogea. Rudi Hatua ya 3 na upige picha mpya ya pande tatu.

Hatua ya 7: Kutoboa na kukaza

Pima kwa kipimo cha waya, linganisha na urefu uliopangwa. Zikitofautiana zaidi ya milimita 2, tafuta sababu kabla ya kufungua skrubu. Kisha sukuma waya upite ukingo wa mbali na ushike mfupa wa jirani, ili usitoke pamoja na drili.

Ondoa roboti uwanjani. Toboa kwa drili yenye tundu, polepole, maji ya chumvi yakimiminika, ukisimama milimita 2 kabla ya ukingo wa mbali. Drili na waya vibaki mstari mmoja. Drili iliyoinama husaga waya na kuukatia ndani ya mfupa, na kipande hicho ni kigumu sana kukitoa. Ukihisi ugumu usioutarajia, simama upige picha.

Kama kulikuwa na mvuto kwenye vidole, uachie sasa. Ingiza skrubu kwa mkono, ukitazama nafasi ya mpasuko kwenye eksirei. Ikianza kupanuka badala ya kufunga, nyuzi za mbele hazijavuka mpasuko vizuri au tundu ni fupi. Rudisha skrubu, ongeza tundu, uingize tena. Ikizama milimita 2 chini ya gegedu, acha. Mizunguko ya ziada kwenye mfupa laini huchana nyuzi zote.

Toa nyaya, fungua gango, chezesha kifundo pande zote chini ya eksirei hai ukitafuta ncha inayotokeza. Kama mashine ipo bado, picha ya pili ya pande tatu ni uthibitisho bora kuliko eksirei nne. Mshono mmoja unatosha ngozi.

Lini kuiacha roboti

Usajili ukishindikana mara mbili, kamera ikipoteza fremu tena na tena, au mkanda wa damu ukikaribia saa moja na nusu na waya haujaingia, endelea kwa njia ya kawaida ya eksirei na mkono huru. Amueni hivyo kabla ya kuanza, na seti ya kawaida iwe wazi mezani. Timu ambayo haijui kuweka skrubu hii bila roboti haijawa tayari kuiweka kwa roboti.

Baada ya hapo

Gango jepesi kwa wiki 2, mkono ukiinuliwa juu ya moyo siku za kwanza, vidole vikichezeshwa tangu siku ileile. Nyuzi za mshono zitolewe siku ya 10 hadi 14. Mpasuko wa kiuno uliokazwa vizuri huruhusu kuanza kukunja kifundo taratibu baada ya hapo. Wa ncha ya nyuma ulindwe zaidi, mara nyingi hadi wiki 6. Kunyanyua vitu vizito, kujiinua kwa viganja na michezo ya kugongana visubiri CT ionyeshe mfupa umevuka angalau nusu ya mpasuko, kwa kawaida kati ya wiki 6 na 12. Eksirei peke yake isitumike kutoa ruhusa hiyo, kwa sababu skrubu huficha mstari wa mpasuko.

Mgonjwa arudi mara moja akiona ganzi isiyoisha mgongoni mwa gumba, gumba lisiloweza kunyooka (kano imekatika au imenaswa), usaha au homa. Na maumivu makali yanayochoma kila akikunja kifundo, wiki kadhaa baadaye, yapigiwe CT kabla ya kupewa dawa za kutuliza: mara nyingi ni ncha ya skrubu iliyotokeza, nayo hutolewa mapema, kabla haijala gegedu.